Jicho la Aila: Uchambuzi wa Dalili za Kurejea kwa Skizofrenia katika Riruta

Skizofrenia ni maradhi ambayo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, humpata mtu 1 katika kila 300, jumla ya watu wapatao milioni 24 ulimwenguni. Na aghalabu huanza katika ujana, wakati ambapo mtu ndiyo kwanza anatafuta kazi, mchumba na chumba chake mwenyewe. Aliyepatwa nayo husikia sauti ambazo wenziwe hawazisikii, au hushika itikadi ambayo hakuna hoja iwezayo kuitikisa, au fikira zake hukatikakatika hata maneno yake yakakosa kufuatana. Dawa zikimtuliza, hurejea katika hali yake kwa miezi, pengine kwa miaka, hata majirani wakasahau. Kisha, kwa wengi wao, maradhi hurudi. Mada yetu ni kile kipindi kifupi kilicho baina ya utulivu na marejeo hayo, majuma mawili, matatu au manne kwa kawaida, ambamo mtu si mgonjwa kamili wala si mzima kamili, na ambamo yule anayelala naye chumba kimoja huona mambo ambayo tabibu, aliye mbali, hana njia ya kuyaona. Nimekhitari kulitazama suala hili kutoka Riruta kwa kuwa vitabu vingi vilivyoandikwa juu yake vilikusudia nyumba za vyumba vingi, zenye simu ya tabibu ukutani na gari mlangoni, na mambo yaliyo wazi katika nyumba hizo hugeuka sura yakiingia katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi.

Riruta iko magharibi ya Nairobi, katika Dagoretti, imepakana na Kawangware hata mgeni asiweze kusema hii imekomea wapi na ile imeanzia wapi. Ardhi yake kwa asili ilikuwa ya aila za Wakikuyu, ambao wengi wao waligeuza mashamba kuwa ploti za kupangisha, na wapangaji wakaja kutoka kila pembe ya nchi kwa sababu ya vibarua vya mjengo, kazi za nyumbani katika mitaa ya wenye nafasi, na uchuuzi wa kando ya barabara. Ng'ambo ya Barabara ya Ngong iko Kibera, iliyoanzwa na askari Wanubi wa jeshi la Waingereza waliopewa makao msituni baada ya kutumika, na ambao wajukuu wao wangali wamo humo pamoja na makabila mengine mengi ya Kenya. Katika mitaa hii mtu huishi ukuta kwa ukuta na jirani yake. Kikohozi cha usiku hakina siri, wala ugomvi, wala kukosa usingizi. Kwa hiyo lile swali ambalo matabibu wa nchi za mbali wamelihangaikia miaka mingi, yaani ni nani atakayekuwa karibu na mgonjwa wa kutosha kuiona dalili ya kwanza, huku lina jawabu jepesi: karibu kila mtu. Kilicho kigumu ni kujua mwenye kuona afanye nini na alichokiona.

Hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili, Mathari, ilifunguliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui, nayo iko upande wa Barabara ya Thika, ambako mtu wa Riruta hafiki ila kwa kuuvuka mji mzima. Tabibu aliyeisimamia kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, J. C. Carothers, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 1953, na humo akayafikia maamuzi ya dharau ambayo wataalamu wa baadaye waliyakataa kwa hoja. Simtaji ili kumshitaki maiti. Namtaja kwa kuwa kosa lake lina mafunzo katika mada hii: aliyaona maradhi kutoka ndani ya ukuta wa hospitali, akawaona zaidi wale walioletwa wakiwa wamefungwa kamba au mbele ya askari, na akadhani kwamba alichokiona mwishoni mwa njia ndiyo njia yenyewe. Mwanzo wa marejeo haujapata kuonekana hospitalini, Mathari wala penginepo. Huonekana nyumbani, na mashahidi wake ni mama, mke, kaka, na msimamizi wa ploti.

Ushahidi wa watu hawa ulipokusanywa kwa utaratibu, ulidhihiri kuwa na uzito. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Herz na Melville, waliwauliza wagonjwa 145 pamoja na jamaa 80 wa wagonjwa kama kuna mabadiliko waliyoyaona kabla ya maradhi kurejea. 70 katika kila mia ya wagonjwa walisema ndiyo, na katika jamaa idadi hiyo ilifika 93. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba mabadiliko waliyoyataja kwanza hayakuwa sauti wala itikadi za ajabu. Yalikuwa mambo ambayo kila binadamu huyapata: moyo kukaza na kutotulia, usingizi kupaa, chakula kutopita, kushindwa kulishika jambo moja kwa fikira, furaha kupungua, kuwakimbia marafiki. Wasiwasi wa kudhani kwamba watu wanamcheka au wanamsengenya, na kuzama katika mambo ya dini kupita desturi yake, vilikuwamo pia, na sauti mara nyingi zilifuata nyuma.

Tuzichukue dalili hizi tuzipeleke Riruta moja moja. Usingizi ndio wa kwanza, kwa kuwa ndio ulio rahisi kuonekana na ndio ulio rahisi kupotea. Katika ploti ambayo upande mmoja una baa na upande mwingine una kanisa lenye vipaza sauti, mtu yeyote anaweza kukesha. Lakini mke anajua tofauti baina ya mume anayegeukageuka kwa kelele na mume anayeketi kitandani saa nane za usiku macho wazi, akisikiliza, usiku wa pili, wa tatu na wa nne. Chakula nacho kina shaka yake, maana katika nyumba ambamo siku nyingine hakuna kilichopikwa, kutokula si dalili. Walakini mtu anapokiacha chakula kilichopo, au anapotaka kujipakulia mwenyewe kutoka katika sufuria na hataki kupakuliwa, aila yenye uzoefu huingiwa na hadhari, kwa sababu inakumbuka kwamba safari iliyopita alisema ametiliwa sumu. Kujitenga hakuwezi kuwa kule kujifungia chumbani kunakosimuliwa katika vitabu, maana chumba ni kimoja na wamo watano. Huku mtu hujitenga kwa kutoka: huamka mapema kabla watoto hawajaamka, akatembea kwa miguu hadi Dagoretti Corner na kurudi, akapita mahali pake pa kazi bila ya kusimama, na jioni mwenziwe wa mjengo akaja kuuliza mbona haonekani. Aliyezoea vitabu angesema huyu ana bidii ya matembezi.

Dini ndiyo dalili inayohitaji insafu kubwa kuliko zote. Mtaa huu una makanisa mengi, mengine ya mabati, na Kibera ina misikiti ya zamani. Kukesha katika sala, kufunga na kusoma maandiko ni sifa njema mbele ya jamaa, na hakuna mama anayefurahi kuambiwa kwamba utauwa wa mwanawe ni ugonjwa. Wala si ugonjwa. Kinachotazamwa si dini bali ni mgeuko: kijana aliyekuwa akienda kanisani Jumapili kama wenziwe sasa anataka mikesha mitatu kwa juma, anafunga bila ya kufungua, anaona aya moja imeandikwa kwa ajili yake peke yake, na anaanza kumhoji mchungaji kwa ukali. Hapo kuna mzunguko wa hatari, maana mkesha unamnyima usingizi, na kukosa usingizi kunaharakisha marejeo, na marejeo yanamsukuma katika mkesha mwingine. Mchungaji au imamu aliyeelezwa jambo hili mapema anaweza kusema neno moja, kwamba Mungu hamkalifishi mgonjwa kukesha, na neno hilo likasikilizwa pale ambapo neno la tabibu lisingesikilizwa. Ni msaada mkubwa usiogharimu kitu, na matabibu wetu wanautumia kidogo mno, nadhani kwa sababu ya ile fahari ya elimu inayomfanya mtu aone haya kwenda kubisha hodi kwa asiyevaa koti jeupe.

Basi dalili zinajulikana. Lakini hazifanani kwa watu wawili, na hapa ndipo palipo na hikima ya jambo zima. Mtaalamu wa Kiingereza Max Birchwood, aliyefanya kazi Birmingham, alionyesha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kila mgonjwa ana utaratibu wake mwenyewe wa kurejewa na maradhi, unaojirudia karibu vilevile kila mara, na kwamba kumlinganisha mtu na mwenziwe kuna faida ndogo kuliko kumlinganisha na nafsi yake ya jana. Tuseme kuna mshona viatu ambaye marejeo yake huanza kwa kuzipanga upya zana zake mara kumi kwa siku, na dobi ambaye yake huanza kwa kukataa kuangalia runinga kwa sababu mtangazaji anamtazama sana, na mama muuza mboga ambaye yake huanza kwa ukarimu, akaanza kugawa sukuma wiki bure. Hakuna kitabu kitakachotaja zana, mtangazaji wala sukuma wiki. Anayeyajua hayo ni yule aliyekuwapo mara ya kwanza na ya pili, na kama hakuulizwa na mtu akaandika, elimu hiyo hufa naye au huhama naye aendapo ushago.

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba dalili ni hukumu. Mwaka 2013 Emily Eisner na wenziwe wa Manchester walizikusanya tafiti zilizopima nguvu ya dalili hizi katika kubashiri marejeo, wakaona kwamba kwa kadiri ya kati ziliyatambua marejeo 61 tu katika kila mia, na kwamba katika watu ambao hawakurejewa, ziliwaacha kwa usalama 81 katika kila mia na kuwashuku bure waliosalia. Maana yake ni kwamba wapo wanaorejewa pasi na onyo lililoonekana, na wapo wanaokosa usingizi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Mwenye skizofrenia anayo haki ya kukasirika, kupenda, kufiwa na kuchoka kama watu wengine, na mojawapo ya dhuluma zake kubwa ni kwamba kila hisia yake husomwa kama dalili. Fauka ya hayo, kuna mambo ya mwili yanayoigiza marejeo: malaria, homa ya matumbo, kiu ya pombe kwa aliyeizoea, miraa na muguka vinavyofukuza usingizi, na bangi, ambayo haiigizi tu bali huyaleta marejeo yenyewe.

Liko na jambo jingine ambalo hata wauguzi huteleza kwalo. Dawa za kale, hasa haloperidol, huweza kumtia mtu adha ya kutotulia miguuni, hata asiweze kuketi wala kusimama mahali pamoja, akawa anatembea chumbani kama aliyepagawa, na moyo ukamwaka. Anayemtazama husema maradhi yamerudi, dozi ikazidishwa, na adha ikazidi. Dawa ya jambo hilo ni kuipunguza dozi au kuibadili dawa, kinyume kabisa cha lile lililofanywa. Swali la kumtenganisha mtu huyu na aliyerejewa ni dogo, nalo ni kumuuliza kama kutotulia kwake kumo katika fikira au kumo katika miguu, na aghalabu yeye mwenyewe hujibu bila ya kusita. Lakini ni lazima aulizwe yeye, wala si aliyemleta.

Hapa tunafika penye fundo. Tumesema kwamba jicho la aila ndilo linaloona kwanza; sasa inatupasa kusema kwamba jicho hilohilo laweza kuwa chanzo cha marejeo. Mwaka 1972 watafiti George Brown, Birley na Wing walichapisha uchunguzi wao wa London juu ya wagonjwa 101 waliorudi kwa jamaa zao kutoka hospitali. Waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au huruma iliyopita kiasi hata ikawa kifungo, walirejewa na maradhi 58 katika kila mia kwa muda wa miezi tisa. Waliorudi katika nyumba zenye utulivu, 16 tu. Na katika zile nyumba za lawama, hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa uso kwa uso na jamaa zao kwa zaidi ya saa 35 kwa juma, ndiyo maana wataalamu wa Kiingereza wakashauri kwamba mgonjwa apatiwe shughuli nje, au jamaa wapunguze muda wa kukaa naye.

Saa 35 kwa juma! Katika chumba kimoja cha Kawangware mtu asiye na kazi huzimaliza saa hizo kabla ya Jumatano, na hana mlango wa kufunga baina yake na mama anayeuliza kwa mara ya nne, "Mwanangu, umekunywa dawa?" Swali hilo limetoka katika mapenzi, na mama ana sababu ya kuliuliza, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala kituoni mara iliyopita akimsubiri; lakini kwa kijana wa miaka ishirini na minne linaingia sikioni kama hukumu, na kila anaponyamaza mama huona dalili, na kila mama anapoona dalili kijana huzidi kunyamaza. Isidhaniwe kwamba hili ni jambo la Wazungu peke yao, wala kwamba sisi tumesalimika nalo kwa ukarimu wa asili. Wachunguzi waliofanya kazi Chandigarh, India, katika miaka ya 1980 waliona kweli kwamba lawama katika aila za huko zilikuwa chache kuliko za London; lakini uchache si kutokuwapo, na ufukara wa mjini una njia zake za kuukausha uvumilivu ambao shamba liliuhifadhi.

Rai yangu katika fundo hili ni kwamba kutazama hakuwezi kuachwa, bali kunaweza kubadilishiwa mmiliki. Maadamu dalili zinatafutwa na jamaa kwa siri na kutajwa kwa ghadhabu, zitakuwa upelelezi. Zikiandikwa na mgonjwa mwenyewe wakati wa siha yake, zinakuwa wasia. Kwa hiyo wakati wa kuzungumza habari za marejeo ni pale ambapo hakuna marejeo, mwezi wa tatu au wa sita baada ya kutoka hospitali, aketi mgonjwa, aketi na mtu mmoja aliyemchagua yeye, si lazima awe mzazi, na muuguzi awaulize wote wawili: mara iliyopita kilianza nini, kikafuata nini, na ungependa nani akuambie, na akuambie kwa maneno gani? Kijana mmoja aweza kusema hataki kuulizwa juu ya dawa kabisa, lakini dada yake akimwambia twende tukanywe chai, atajua maana yake. Dalili zisizidi tatu au nne, ziandikwe kwa lugha ya nyumbani, na kando yake iandikwe hatua ya kuchukuliwa. Huko Tanzania umefanyika mradi wa aina hii, ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, yaani KUPAA, katika hospitali za Muhimbili na Mbeya, ambapo wagonjwa na jamaa zao walikaa pamoja darasani kujifunza maradhi haya, kuzitambua dalili na kusemezana pasi na kuumizana. Nao ulikuwa kwa Kiswahili, kwa watu wa hali kama ya watu wetu, jambo linaloondoa ule udhuru kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri.

Sasa tuseme juu ya tiba, na kwanza tuondoe dhana moja inayopendeza masikio. Dalili zilipoanza kujulikana, walitokea matabibu waliosema: ikiwa marejeo hupiga hodi, kwa nini mtu anywe dawa mwaka mzima? Aache, na dalili zikionekana aanze upya. Majaribio ya Marekani, Uingereza na Ujerumani, ambayo matokeo yake yalitangazwa kuelekea na kuingia miaka ya 1990, yaliipima dhana hiyo kwa uangalifu mkubwa, wagonjwa wakiangaliwa kwa ukaribu ambao Riruta haiwezi hata kuuota, na bado waliongojea dalili walirejewa na maradhi zaidi kuliko walioendelea na dawa. Leucht na wenziwe, waliokusanya majaribio 65 mwaka 2012, waliona kwamba katika muda wa mwaka mmoja walioendelea na dawa walirejewa 27 katika kila mia, na walioachishwa 64. Robinson na wenziwe wa New York, mwaka 1999, waliwafuata watu 104 kutoka mara yao ya kwanza kuugua, wakaona kwamba katika miaka mitano zaidi ya wanne katika kila watano walirejewa, na kwamba kuacha dawa kulizidisha hatari karibu mara tano. Kuzijua dalili, basi, ni ulinzi wa pili. Wa kwanza ni dawa yenyewe, na anayeuacha wa kwanza kwa kuutegemea wa pili amejidanganya.

Dawa hizo zilianza na chlorpromazine, iliyotumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, na ambayo wazee wa mitaa yetu bado huiita kwa jina la Largactil, ikafuata haloperidol, kisha zikaja sindano za kudumu, kama fluphenazine decanoate ambayo watu huijua kama Modecate, inayochomwa kila majuma mawili hadi manne na kumtoa mtu katika shughuli ya kumeza kila siku. Za baadaye, kama risperidone na olanzapine, hazikazi mwili sana, ijapokuwa ya mwisho huamsha njaa na kunenepesha. Clozapine huwasaidia wale ambao nyingine zimewashinda, lakini humdai mgonjwa vipimo vya damu vya mara kwa mara kwa sababu huweza kuziharibu chembe nyeupe. Dalili zinapoonekana, kazi ya kwanza ya tabibu ni kuuliza bila ya ukali kama dawa imeachwa, na kwa nini. Ya pili, kuirejesha au kuiongeza kwa kiasi. Ya tatu, kumpa mtu usingizi, hata kwa dawa ya muda mfupi, kwa kuwa usiku mmoja wa kulala hufanya mengi. Kisha kumwona tena baada ya siku mbili tatu, wala si baada ya mwezi. Na aila nayo ina sehemu yake, ambayo ni kumpunguzia mambo: mgogoro wa kodi uzungumzwe nje, wageni wangoje, safari ya matanga ushago iahirishwe.

Swali la kwa nini dawa imeachwa lina majibu mengi kuliko ukaidi. Uchunguzi uliofanywa Ethiopia na Teferra na wenziwe, mwaka 2013, ulionyesha kwamba sababu mojawapo kubwa ya kuacha dawa ni kukosa chakula, maana dawa huamsha njaa na kulegeza mwili, na mtu asiye na cha kula huona heri aikose njaa hiyo ya ziada. Anayeijua Kawangware haoni ajabu. Wapo wanaoacha kwa sababu dawa imekwisha katika kituo na dukani ina bei. Wapo wanaoacha kwa kibarua cha alfajiri kisichongoja aliyelewa dawa. Wapo, na si wachache, wanaoacha kwa kuwa wanajiona wamepona. Katika aila za Kiislamu za Kibera hutokea Ramadhani kwamba vidonge vya mara tatu huachwa mchana na kusahauliwa usiku, ilhali dawa nyingi kati ya hizi zaweza kutolewa mara moja kwa siku, baada ya kufuturu, kama tabibu akiulizwa mwezi wa Shaabani, na ilhali sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Njia iliyopo baina ya dalili na dawa ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Mke ameona usiku wa tatu wa kutolala, amejua, na ujuzi wake hauna pa kupelekwa. Nauli ya matatu mbili za kwenda Mathari, na mbili za kurudi, kwa watu wawili, na siku nzima ya kazi iliyopotea, humfanya angoje, na kungoja huiruhusu dalili kuwa maradhi kamili, na maradhi kamili humleta chifu au askari, ambao Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 iliwapa mamlaka ya kumshika mtu na kumpeleka. Hivyo serikali hulipia gharama ya mwisho iliyo kubwa baada ya kuikwepa ya mwanzo iliyo ndogo. Jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga liliwasilisha taarifa yake mwaka 2020 na kutaka afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa; na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaziwekea serikali za kaunti wajibu wa kuitoa huduma hii karibu na watu. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja walitumwa mitaani nchi nzima, kila mmoja na mfuko wenye kipimo cha presha na cha sukari. Usingizi hauna haja ya kipimo. Wahitaji swali tu, na mahali pa kulipeleka jawabu siku hiyohiyo.

Na kama mtu ataniuliza ni dalili gani ningeichagua iwapo kituo cha afya hakina nafasi ya kushughulikia zaidi ya moja, nisingechagua usingizi, wala sala, wala kujitenga. Ningechagua tarehe ya sindano iliyopita bila ya mtu kutokea. Hiyo aghalabu hutangulia dalili nyingine kwa majuma kadhaa, haimdai mama kumpeleleza mwanawe, haihitaji ubishi juu ya kilicho utauwa na kilicho maradhi, na tayari imo katika kadi na katika daftari la kituo kwa wino wa muuguzi. Kinachobaki ni mtu wa kulifungua daftari hilo kila Jumatatu, kuyasoma majina yasiyotiwa alama, na kumpa mhudumu wa jamii orodha ya milango mitatu au minne ya kubisha kabla ya Ijumaa, akiwa na jibu la kuwapa, yaani kwamba dawa ipo, na kwamba aliyechelewa hatagombezwa.